Kisanduku cha Hapana

Fomu ile niliijaza mimi. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mitatu sasa watu wa Himo wanaisimulia habari ya shemeji yangu kwa namna mbili. Wapo wanaosema alidanganya, na wapo wanaosema kampuni ya bima ilimdhulumu mjane. Katika masimulizi yote mawili mimi sitajwi. Lakini nilikuwepo, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Shemeji alikuwa mtu wa mahindi. Anayeijua Himo ameshaelewa. Hapa ndipo zinapokutana barabara itokayo Dar es Salaam na Tanga, ile ya Moshi, ile ya mpakani Holili, na ile inayopanda mlima kwenda Marangu. Malori yanatoka Kibaigwa, Kiteto na Babati, yanapita mizani ya Njia Panda, yanashusha. Akina mama wanapepeta, makuli wanajaza na kushona magunia, na wanunuzi kutoka upande wa Taveta wanasimama pembeni na simu masikioni wakiulizia bei ya siku. Shemeji alianza kwa kubeba magunia akiwa na miaka kumi na tisa. Alipofika arobaini na sita alikuwa na stoo yake ya bati, ubia katika lori moja, na watoto wanne, wawili wakiwa bado shuleni.

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilitangaza kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu. Zuio lenyewe halikumaliza wiki, likalegezwa kwa masharti. Lakini kwa mtu ambaye mzigo wake umeshafika mpakani, na nusu ya fedha iliyoununua ni ya mkopo, siku tano ni nyingi. Shemeji alilala ndani ya lori Holili usiku tatu. Aliporudi nyumbani dada yangu alimpelekea maji ya kunawa, akamkuta amekaa kitandani na viatu miguuni. Akamwuliza vipi. Akajibu, "Nimewaza tu. Ningeanguka kule, nyie mngeanzia wapi?"

Hilo ni swali la mtu mwenye akili timamu. Kwetu kuna wazee ambao ukiwatajia bima ya maisha wanakuuliza umeota nini. Yeye hakuwa hivyo. Mwezi wa saba mwaka ule ule alimwita wakala, kijana mmoja nadhifu aliyekuwa akipita madukani na begi la karatasi, wakakaa stooni. Na mimi nikaitwa, kwa sababu nimesoma kidogo na mwandiko wangu unasomeka.

Nakumbuka tulivyokaa. Shemeji juu ya magunia mawili yaliyolazwa, wakala kwenye kigoda, mimi nimeegemea mzani. Vumbi la mahindi lilikuwa likielea kwenye mwanga wa mlango. Wakala alifungua kijitabu akasema kwa umri huo, fidia ya shilingi milioni 30, pamoja na nyongeza ya ajali, ya ulemavu na ya mazishi ya wanafamilia, kwa mtu mwenye afya asiyevuta sigara, ada itakuwa 38,000 kwa mwezi. Shemeji akauliza, na mwenye presha? Wakala akapekua kijitabu. Mwenye presha anayevuta, alisema, ingeweza kufika 61,000 au zaidi, na watataka vipimo.

Sisi watatu tulinyamaza kidogo.

Presha alikuwa nayo tangu 2018. Tunalo hadi leo daftari lake la kliniki, lile dogo la shule lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Ndani yake kuna mwandiko wa manesi mbalimbali na namba za kalamu nyekundu: 160 kwa 100, 155 kwa 98, kisha kurasa tupu za miezi mingi, kisha 170 kwa 110. Vidonge alikuwa akimeza akijisikia vibaya, akijisikia vizuri anaacha. Sigara alivuta nne au tano kwa siku, zaidi akiwa safarini.

Wakala hakutuambia tufiche. Hakutuambia pia tusifiche. Alinipa fomu akainuka kwenda kuongea na simu nje. Nikafika kwenye ukurasa wa tatu, penye maswali ya afya, kila swali na visanduku vyake viwili, Ndiyo na Hapana. Je, umewahi kuambiwa na daktari kwamba una shinikizo la damu? Nikamtazama shemeji. Akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, mimi si mgonjwa. Nafanya kazi kuliko vijana hawa." Nikaweka tiki kwenye Hapana. Swali la tumbaku, Hapana. Swali la dawa unazotumia, Hapana. Tiki tatu za wino wa bluu. Nikampa, akatia sahihi akiwa ameiweka fomu juu ya gunia, ndiyo maana sahihi yenyewe ina mikunjo ya katani.

Tulijiona tumeokoa 23,000 kila mwezi. Jioni ile alinunua nyama.

Alikufa mwanzoni mwa Septemba 2022. Alikuwa akihesabu magunia, akashindwa kulitamka neno "arobaini". Alilirudia mara mbili, mdomo ukaenda upande. Kiharusi. Tulimfikisha hospitalini Moshi akiwa hai, na usiku wa pili akaondoka. Tulimzika kihambani kwao, juu, karibu na baba yake, chini ya migomba. Kikundi cha kufa na kuzikana kilifanya kazi yake yote: turubai, viti, sufuria, ng'ombe, mchango, na mtu wa kulala na wafiwa. Dada hakununua hata chumvi. Sijaona chombo kingine duniani kinacholipa haraka kama kile.

Baada ya kumaliza matanga tulipeleka madai. Cheti cha kifo, nakala za vitambulisho, hati ya bima, barua ya serikali ya kijiji. Wakala alikuwa ameshaacha kazi hiyo. Ofisini walitupokea vizuri, wakachukua karatasi, wakatoa pole. Kisha ikapita miezi miwili na nusu. Baadaye ndiyo nikajua kwamba kifo kikitokea mapema mno baada ya mkataba kuanza, kampuni haikubali kwa macho tu. Inaomba kumbukumbu za hospitali. Na daktari aliyempokea shemeji usiku ule aliandika alichoambiwa na mkewe, maana ndiyo kazi yake: mgonjwa ana historia ya presha miaka minne, hatumii dawa kwa mpangilio, mvutaji. Dada yangu ndiye aliyesema hayo, akilia, akitaka mumewe apone.

Barua ilikuja na kurasa mbili. Mkataba umebatilishwa kwa sababu mwombaji hakueleza taarifa muhimu za afya yake alizozijua. Ada zilizokwisha kulipwa zitarejeshwa. Miezi kumi na minne, 38,000 kila mwezi: 532,000. Dada aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia, akaenda kukamua ng'ombe. Mimi nilibaki nimekaa nikipiga hesabu ambayo sijaacha kuipiga. Ile tofauti tuliyoiokoa, 23,000 kwa miezi kumi na minne, ni 322,000. Kwa ajili ya 322,000 tuliitupa milioni 30.

Nilienda na hasira kwa wakili mmoja mjini Moshi. Akaisoma barua, akaisoma fomu, akaniuliza maswali mawili tu. Sahihi hii ni yake? Ni yake. Alijua ana presha? Alijua. Akanirudishia karatasi. Akaniambia kwamba sheria ya bima ya mwaka 2009 ndiyo iliyoipa nguvu Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na ndiyo iliyoweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na kwamba mtu aliyenyimwa haki yake ana mahali pa kwenda pasipo na gharama kubwa. Nami nawaambia wasomaji hivyo hivyo, kwa sababu kuna kampuni zinazochelewesha madai halali, na mjane hapaswi kunyamaza. "Lakini wewe," aliniambia, "utakwenda kuwaambia nini?"

Sikuwa na la kuwaambia.

Sasa kuna jambo lililotokea wiki hizo hizo ambalo nililiona dogo, na leo naliona ndilo kubwa. Shemeji alikuwa na mkopo wa SACCOS, uliobaki ulikuwa kama milioni sita. Tulikwenda kwa katibu kuomba muda, tukiwa tumejipanga kuuza sehemu ya lile lori. Katibu akafungua faili, akasema, "Mama, huu mkopo umeshafungwa. Alikuwa na bima ya mkopo." Hatukuelewa. Akatuonyesha kwenye karatasi ya siku ya kutoa mkopo: kiasi kidogo kilikatwa mara moja, kikapelekwa kwenye bima ya kikundi ya wanachama wote. Mkopo ulikuwa chini ya kile kiwango ambacho hakuna mwanachama anayeulizwa afya yake. Deni lilikufa naye. Katika maisha yake shemeji hakuwahi kuitaja bima hiyo hata mara moja. Alikuwa akilalamika tu kwamba SACCOS wanakata vijisenti.

Bima ghali iliyomnyima usingizi haikulipa. Ya bei ndogo, ambayo hakuijali, ililipa yote. Hapo ndipo nilipotaka kuelewa biashara hii tangu mwanzo, na nikaelekezwa kwa mama mmoja wa Marangu aliyefanya kazi ya bima miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilimkuta akichambua maharage barazani. Nilimweleza kila kitu, hata zile tiki. Hakunifariji, na namshukuru kwa hilo.

Alianza kwa kuniuliza juu ya kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Mtu mpya akijiunga leo na baba yake akafa kesho, mnalipa? Nikasema hapana, anasubiri miezi sita. Kwa nini? Kwa sababu vinginevyo watu watakuja kujiunga wakiwa na mgonjwa mahututi ndani. Na anayekuja na mgonjwa amemficha, anamwibia nani, mwenyekiti? Nikasema hapana, anatuibia sisi. Akasema, basi bima nzima umeshaielewa. Fedha inayolipa madai si ya kampuni, ni ya wenzako walioweka kabla yako.

Akaendelea, huku mkono wake ukitenga maharage mabovu. Tuseme vijana 1,000 wa miaka thelathini wamejiunga, kila familia iliyofiwa ipate milioni 10, na katika mwaka wakafariki watatu. Inahitajika milioni 30, kila mmoja atoe 30,000. Tuseme wengine ni 1,000 wa miaka hamsini na tano, wakafariki kumi na wawili. Ni milioni 120, kila mmoja atoe 120,000, kabla ya gharama za ofisi na faida. Bei haina hila ndani yake: inafuata vifo. Ndiyo maana kijana wa miaka ishirini na nane anayeanza leo analipa kidogo kuliko atakayeamka akiwa na arobaini na sita, na akichukua mkataba wa miaka mingi wenye ada isiyobadilika, ile bei ya ujana anaendelea nayo hadi mvi. Aliyeingia kwenye chungu cha wazima kwa kiingilio cha wazima huku akijua hali yake, wenye chungu wakimgundua wanamtoa.

Alinisimulia pia kisa ambacho nimekipenda, labda kwa kuwa sisi wa mlimani ni watu wa kanisa. Mwaka 1744, huko Uskoti, wachungaji wawili, Alexander Webster na Robert Wallace, walichoshwa na kuona wajane wa wachungaji wenzao wakibaki bila kitu. Wakahesabu: kila mwaka wanakufa wachungaji wangapi, wanaacha wajane wangapi, yatima wangapi. Wakamshirikisha mtaalamu wa hesabu, Colin Maclaurin, wakatumia takwimu za vifo zilizokwisha kuchapishwa na Edmond Halley mwaka 1693. Wakapata kiasi ambacho kila mchungaji atoe kwa mwaka ili mfuko usikauke. Mfuko ule ulisimama kwa sababu hesabu yake ilifuata vifo vyenyewe, si kubahatisha. Mama akaniambia, "Kikundi chenu na wale wachungaji ni kitu kimoja. Ninyi mnahesabu kwa ng'ombe, wao walihesabu kwa kalamu."

Kisha akaomba ile barua ya kampuni. Akageuza bahasha, akachukua kalamu, na hapo ndipo aliponionyesha kitu kilichonitoa jasho.

Akaanza na ukweli wote: mwenye presha, anavuta, 61,000 kwa milioni 30. Akauliza, milioni 30 mliipata wapi? Nikasema ni namba tu, ilitupendeza. Akauliza madeni. Nikamwambia mkopo mkubwa ulikuwa na bima yake. Akauliza watoto. Wawili wameshajitegemea, mmoja kidato cha pili, mmoja darasa la tano. Akasema, huyu alihitaji fedha ya kuwafikisha watoto wawili kwenye kujitegemea na ya mama kuendesha stoo, si ya kuwafanya matajiri. Akaandika milioni 20. Akauliza zile nyongeza. Ya mazishi mliitaka ya nini, na kikundi kinawazika? Ya ajali mliichukua kwa nini, na mkataba wenyewe unalipa kifo cha aina yoyote? Alizifuta zote kwa mstari mmoja. Bila nyongeza, ile 61,000 ilishuka hadi 46,000 kwa milioni 30. Kwa milioni 20 ikawa kama 31,000. Akaniuliza, mfanyabiashara wa mahindi fedha anaipata mwezi gani? Nikasema baada ya mavuno, wa nane, wa tisa, wa kumi. Akasema, kwa nini basi mlimfunga kulipa kila mwezi kama mwalimu? Kampuni nyingi zinapunguza kidogo ukilipa mwaka mzima mara moja, na usipolipa miezi ya njaa mkataba unakatika. Kwa malipo ya mwaka, akakadiria, ingekuwa 29,000 kwa mwezi.

Nikaichukua bahasha nikaitazama. Ukweli wa shemeji ungemgharimu 29,000. Uongo ulimgharimu 38,000.

Sikuweza kuongea. Mama yule akaniacha, akaingia ndani, akarudi na chai.

Tulipoanza kuongea tena alinieleza mengine, na nitayasema hapa kama alivyoyasema, bila kupamba. Presha yenyewe haimfungii mtu mlango. Kinachotisha kampuni ni presha isiyotibiwa, yaani zile kurasa tupu za daftari. Mtu mwenye daftari la mwaka mzima, namba zimetulia, dawa hazikatiki, anaongezewa kidogo, na kuna kampuni zisizomwongezea kabisa. Daftari lile tulilolificha ndilo lingekuwa karatasi yake ya kuombea bei nafuu, kama angelijaza. Sigara nayo: kampuni nyingi zikiona umekaa mwaka mzima bila tumbaku, zinakuhesabu pamoja na wasiovuta, na unaweza kurudi kuomba wakupigie hesabu upya. Alisema watu hawajui kwamba ada inaweza kushuka. Wanajua inapanda tu.

Akanionya juu ya mikataba inayochanganya bima na akiba, ile inayokurudishia fedha ukifika mwisho ukiwa hai. Si mibaya, lakini sehemu kubwa ya unacholipa inakwenda kwenye akiba, na kwa familia yenye fedha kidogo inayoogopa kifo cha mtafutaji mmoja, ile ya muda maalumu isiyorudisha kitu inanunua ulinzi mkubwa zaidi kwa shilingi ile ile. Akiba, alisema, unayo kwenye SACCOS na VICOBA na ng'ombe. Na ukivunja mkataba wa akiba katika miaka ya mwanzo unarudishiwa kidogo sana, pengine hakuna kabisa. Naamini hili ndilo linalowaumiza wengi kimya kimya, kuliko hata yaliyotupata sisi.

Na ulizeni kwa zaidi ya mmoja, alisema. Baba zetu hawakuwa na la kulinganisha. Tangu 1967 hadi soko lilipofunguliwa kwa sheria ya 1996, bima iliuzwa na Shirika la Bima la Taifa peke yake. Leo kampuni ni nyingi na hata benki zinauza bima, na kwa mtu yule yule, umri ule ule, zinatoa bei tofauti kwa sababu kila moja inaitazama presha, uzito na kazi kwa jicho lake. Mpagazi wa mlimani, dereva wa bodaboda, dereva wa lori la usiku, kila kampuni ina hofu yake. Nilimwambia kwamba pale Njia Panda nawajua vijana wa bodaboda waliojiandika wakulima. Akafumba macho akatikisa kichwa. Mkulima gani, akasema, anakutwa amekufa na kofia ya pikipiki kichwani.

Hata mbege tuliizungumza. Fomu inauliza pombe, na mzee wa Kichaga ataapa mbele ya mchungaji kwamba hanywi, kwa kuwa mbege kwake ni ya ukoo, ya mahari, ya kumaliza ugomvi, haihesabiki. Ihesabiwe, alisema. Andika mbege, andika na kipimo. Anayesoma fomu anataka kujua, hakuhukumu.

Nilitoka pale jua linazama, Kibo kimeacha wingu kidogo upande wa Rombo. Nilitembea hadi stendi bila kupanda gari. Nilikuwa nawaza jinsi ambavyo mchana mmoja tu wa kuuliza, kwa mtu asiyepata kamisheni kwa jibu lake, ungetutosha. Wakala analipwa ukitia sahihi. Simlaumu kwa kula jasho lake, lakini yule kijana akitoka nje kuongea na simu, mimi nilipaswa kumwita arudi ndani. Nilipaswa kumwambia shemeji, tulete daftari. Alikuwa ananiheshimu, angesikia. Badala yake nilimsaidia kwa namna ile ambayo ndugu husaidiana wakiharakisha, nikadhani ndiyo upendo.

Dada aliuza ule ubia wa lori. Yule wa kidato cha pili alimaliza cha nne na sasa anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alitaka kwenda chuo cha ualimu. Mdogo yupo sekondari, ada tunachangia, mimi nachangia zaidi na sitaki kushukuriwa. Stoo dada anaiendesha mwenyewe. Anaamka saa kumi usiku malori yakifika, na makuli wanamheshimu kwa kuwa anajua kupima kwa jicho kuliko wao.

Mwaka jana SACCOS ile ile iliamua kuwachukulia wanachama bima ya maisha ya kikundi. Ada ni ndogo kwa kuwa wamo wengi, wazee kwa vijana, na hadi kiwango fulani cha fidia hakuna anayeulizwa afya. Anayetaka zaidi ya hapo anajaza fomu. Tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa, watu kama themanini, mvua ikipiga bati. Ofisa alisoma masharti, akagawa fomu kwa waliotaka kuongeza. Mbele yetu alikaa kijana wa bodaboda, hajafika thelathini. Alijaza jina, akajaza kazi, akafika ukurasa wa maswali, akasimama. Nilimwona akigeuza kalamu. Niliiona shingo ya shemeji juu ya magunia.

Dada aliyekuwa pembeni yangu aliinama mbele akamgusa bega.

"Una nini, mwanangu?"

"Kisukari, mama. Walinipima mwaka juzi." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Nikiweka ndiyo si itapanda?"

"Itapanda," dada akamwambia. "Andika."